Kicheko cha Sekunde Arobaini na Moja

Kalekwa Lugembe, miaka minane, darasa la pili, alicheka kwa sekunde arobaini na moja kwenye mazishi ya babu yake. Hilo ndilo kosa lake. Limepimwa, limeandikwa, limepigiwa mstari mwekundu, na kilichobaki ni kidole gumba changu.

Niseme mapema kwamba kidole hicho kimesoma miaka tisa. Kina shahada tatu za saikolojia ya elimu, na kazi yake yote siku hizi ni kubonyeza kioo. Zamani mtu wa kazi yangu alibeba mkoba wenye udongo wa kufinyanga na penseli za rangi, akakaa mkekani na mtoto mpaka mtoto amzoee. Alizungumza na mwalimu, akaenda nyumbani, akanywa uji wa watu na kusikiliza. Sasa tuna Kipuli, kwa hiyo hatusikilizi.

Kipuli ni kidude chenye ukubwa wa punje ya hindi. Mtoto anabanwa nacho kwenye ndewe ya sikio siku anapoandikishwa darasa la kwanza. Kinasikia kila anachoambiwa, kinahesabu mapigo ya moyo, kinaonja jasho. Kila Ijumaa kinamimina yote kwa Mlezi, mashine ya Idara ya elimu, na Mlezi ndiye anayetuambia mtoto gani ni mzima na yupi anapelekwa Utulivu. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu tumemfanya hakimu.

"Dokta, weka dole tuendelee," alisema Mwalimu Mkuu Shilinde, huku akitafuta sukari ya chai yake. "Treni ya Utulivu inaondoka Jumatatu ijayo. Nataka majina yote yawe tayari."

"Nimwone mtoto kwanza."

"Umwone wa nini? Ripoti si hiyo hapo?"

Shilinde si mtu mbaya. Ni mvivu tu, na Mlezi ni rafiki mkubwa wa wavivu. Nilimwacha na sukari yake nikaenda darasani.

Madamu Edina, mwalimu wa darasa la pili, alinipokea mlangoni akinong'ona kama tuko wodini. "Alikuwa msomaji wangu bora. Tangu babu yake afariki, mwezi mzima sasa, hajasoma hata mstari mmoja kwa sauti. Simkaripii, Dokta. Akikosea namwambia, umejitahidi sana. Wote nawaambia hivyo. Ndivyo Mlezi alivyotuelekeza."

Kalekwa alikuwa ameketi dawati la nyuma, magoti yamejaa vumbi, Kipuli chake kikiwaka taa ya njano. Nilikaa naye sakafuni. Nilimpa kitabu, akakifunga.

"Kwa nini husomi, mama?"

"Hakuna anayenisikiliza."

"Mwalimu si anakusikiliza?"

Alinitazama kwa dharau iliyonifurahisha. Ilikuwa kama yangu mwenyewe. "Mwalimu anasema umejitahidi."

Sikuweka dole. Nilimwambia Shilinde nitatembelea familia kwanza, akapaliwa na chai yake, maana hakuna aliyefanya hivyo tangu ahamie shule ile.

*

Bi Nyanzala, bibi yake Kalekwa, alikuwa barazani anapepeta karanga. Nyumba yao iko nyuma ya stesheni ya zamani ya Igombe Mpya, na paneli za jua zimeegeshwa ukutani kwa sababu mzee aliyekuwa akizipandisha juu amekufa.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Dokta Sechelela Ndahani, mwanasaikolojia wa shule."

"Marahaba. Ndahani wa wapi?"

"Dodoma, bibi. Mpwapwa."

Ungo ulishuka chini. Uso wote ukafunguka. "Mgogo! Na umekuja mikono mitupu? Mgogo gani anaingia nyumba ya Mnyamwezi bila bakuli? Au siku hizi mnaomba kwa kompyuta?"

Kila Mgogo anajua la kujibu hapo. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Tusi la mtani ni karibu ya mgeni, na asiyelirudisha amekataa kukaribishwa. Mimi nilifanya nini? Nilikunja mikono mapajani, nikalegeza sauti kama nilivyofundishwa, nikasema:

"Asante kwa kunieleza hisia zako, bibi. Naelewa kwamba unapitia kipindi kigumu."

Kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Huyu ni mgonjwa?" bibi alimuuliza mjukuu wake.

"Ni dokta," alisema Kalekwa.

"Basi ndiyo maana. Haya, mke mwenza, mletee kigoda. Usijifanye umechoka. Ulikuwa mvivu hivyo hivyo, mume wetu ndiyo maana alikuwa anakula kwangu."

"Alikula kwako kwa sababu nilimhurumia," alijibu mtoto. "Alisema ugali wako unaweza kujenga choo."

Bibi alicheka mpaka karanga zikamwagika. Ndivyo bibi na mjukuu wa kike wanavyoongea kwetu. Wote ni wake wa babu, na wivu wao ni mchezo unaoanza mtoto akiwa na meno mawili. Mimi mwenyewe nilikuwa mke mwenza wa bibi yangu. Lakini nilipotazama sikio la Kalekwa, taa ya Kipuli ilikuwa imegeuka nyekundu. *Mtoto anadhalilishwa na bibi yake. Mtoto anajibu kwa uchokozi.* Niliweza kuisoma ripoti ya Ijumaa kabla haijaandikwa.

"Bibi, niambie kuhusu mazishi."

"Nikwambie nini? Ulizika na sisi? Chidosa alizika." Alikaa sawa. "Mzee Chidosa, Mgogo mwenzako, lakini yeye ni mzima. Miaka arobaini alikuwa fundi wa reli na mume wangu. Siku ya mazishi, kabla hatujashusha jeneza, karuka kaburini na viatu vyake, kalala chali. 'Lugembe!' anasema, 'Kaburi hili ni zuri mno kwa mwizi wa asali. Nalichukua mimi, wewe katafute lako!' Akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Kisha akavaa kofia ya marehemu, akatembea na goti bovu kama marehemu, akamwita mtoto huyu: 'Kalekwa, soma hapa! Ah, unasoma kama mbuzi anayetafuna turubai!' Maana hivyo ndivyo babu yake alivyomwambia kila jioni akisoma."

"Na Kalekwa akacheka."

"Akacheka mpaka akaanguka. Na alipoanguka ndipo akaanza kulia. Siku mbili, Mgogo, siku mbili alikuwa mkavu kama kuni, hali, halii, hasemi. Kicheko ndicho kilichomtoa machozi. Alilia mpaka adhuhuri, kisha akala."

Ripoti niliyokuwa nayo mkobani ilitaja kilio hicho. Ilikiita *athari ya udhalilishaji*. Kicheko ikakiita *kutojali kifo, kiwango cha juu*. Chini yake kulikuwa na namba ya kanuni iliyotumika kuhukumu, kanuni ya 7206, na kando ya namba, kwa herufi ndogo, jina la mtaalamu aliyeifundisha mashine kanuni hiyo. S. Ndahani.

*

Ninajidharau kuliko ninavyomdharau Mlezi. Mlezi alifundishwa. Mimi nilijua.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikusanywa wataalamu kumi na wawili kwenye hoteli yenye kiyoyozi na juisi ya pasheni isiyoisha. Kazi ilikuwa rahisi. Sauti ya mtaani inachezwa, wewe unabonyeza kijani kama mtoto yuko salama, chekundu kama anaumizwa. Mashine inaangalia kidole chako na kujifunza. Siku ya tisa ikachezwa sauti ya msiba. Mtu alikuwa anamtukana marehemu, watu wanaangua kicheko, watoto wamo. Wageni waliotengeneza mtambo waligeuka wote kunitazama. Mmoja akauliza kwa upole, "Dokta, hii ni nini?"

Baba yangu alikuwa mtani wa misiba. Nimemwona akiingia makaburi ya watu mara tatu kabla sijafika darasa la nne, na nimewaona wajane wakimshukuru. Nilitakiwa kusema hiyo ni tiba, tena ya kale, na anayeitoa anaosha vyombo na kuchimba kaburi bila kuombwa. Badala yake niliona haya. Niliona haya mbele ya watu wenye viatu safi, kwamba kwetu tunacheza kwenye makaburi. Nikasema, "Ni mila iliyopitwa na wakati," nikabonyeza chekundu. Walinipigia makofi kwa uaminifu wangu. Kilemba cha ukoka nilichovishwa siku ile bado kipo kichwani.

Nilipompelekea hayo, Mratibu wa Idara, Bwana Rwegoshora, alinisikiliza ofisini kwake huku akikata kucha. Ni mtu anayependa vitu vifupi.

"Kwa hiyo kanuni ni mbovu," alisema.

"Ni mbovu."

"Mtoto huyu mmoja hana shida. Andika *huzuni iliyochelewa*. Kuna msamaha wa aina hiyo. Weka dole, Jumatatu hapandi treni, na mwakani kesi inafutika. Mimi sijaona kitu."

"Na wengine?"

Alifungua kioo chake akasoma. "Waliohukumiwa kwa 7206 ni mia nne na kumi na wawili. Wengi bado wako Utulivu."

Utulivu ni shule ya bweni huko juu kwenye baridi. Kule Kipuli kinafanya kazi upande wa pili. Kila moyo wa mtoto unapopanda, kwa hasira au kwa furaha, kidude kinatuma mtekenyo mdogo nyuma ya sikio mpaka moyo ushuke. Miaka mitatu. Wanarudi na alama nzuri za hesabu na wanawasalimia watu wote kwa jina.

"Ipo fomu ya Kukiri Kosa la Ufundishaji," nilisema.

"Ipo. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuijaza. Ukiijaza, kanuni inasimamishwa na kesi zote mia nne na kumi na mbili zinapitiwa upya ndani ya siku tisini. Sawa. Lakini muhuri wako unafutwa papo hapo. Na ukifutwa, msamaha wowote ulioutia dole mwezi huu unafutika nao." Alipuliza kucha. "Maana yake mtoto wako anapanda treni Jumatatu kama kawaida, akisubiri zamu yake ya kupitiwa. Chagua, Dokta. Mmoja wa hakika, au mia nne wa labda. Mimi ningechukua mmoja nikalale."

Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa sahihi kuhusu hesabu. Nilitoka bila kumuaga.

*

Jumamosi walianua tanga. Nilifika na bakuli.

Bi Nyanzala aliliona kutoka mbali akapiga vigelegele. "Amepona! Mgogo amepona!"

"Nimekuja kuchukua urithi wangu," nilipaza sauti, na koo langu lilikwaruza kwa kutotumika. "Nasikia Lugembe alikufa kwa sababu ya ugali wako. Nipeni jogoo kabla sijawashtaki."

Mzee Chidosa, mwembamba, kipara, alikuwa ameketi juu ya mfuniko wa sufuria la nyama akizuia mtu asipakue. Alinikagua kuanzia juu mpaka chini. "Binti wa nani?"

"Wa Ndahani, wa Mpwapwa."

"Ndahani aliyelala kwenye kaburi la mkuu wa stesheni akaanza kukoroma?" Alisimama, akavua koti alilokuwa amevaa, koti la kahawia la marehemu lenye viraka viwikoni, akanivalisha. "Basi mimi nimezeeka. Fanya kazi."

Nilimwita Kalekwa. Nilitembea kwa goti bovu, vibaya, watu wakazomea. Nikakaa kwenye kigoda cha babu yake nikampa kitabu chake cha darasa la pili. Alinitazama mimi, akalitazama koti. Kisha akasoma. Mstari wa kwanza ulitoka mdogo. Wa pili akakosea neno, akanyamaza, akangoja.

"Mbuzi!" nilisema. "Mbuzi anatafuna turubai! Rudia, kabla sijamwoa bibi yako peke yake!"

Akarudia. Akasoma ukurasa mzima kwa sauti ya kupasua masikio, huku uwanja mzima ukimtukana, na taa ya Kipuli ikiwaka nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Miaka tisa ya chuo, na dawa ilikuwa hiyo. Madamu Edina, aliyekuja kutoa pole, alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

Baada ya chakula nilimweleza Bi Nyanzala kila kitu, kuanzia hoteli mpaka kucha za Rwegoshora. Sikujipaka asali. Nilimwambia kwamba naweza kumwokoa Kalekwa kesho asubuhi na hakuna atakayejua. Nilimwambia na gharama ya njia nyingine.

Alipangusa bakuli langu kwa kanga yake, ingawa lilikuwa kavu.

"Wewe ndiye uliyewafunga hao watoto."

"Ndiyo."

"Na unataka mimi nikuchagulie."

"Sitaki kumtoa mhanga mjukuu wako bila ruhusa yako."

"Hao wengine," alisema, na sasa alikuwa na hasira kweli, hasira isiyo na utani ndani yake, "hao wengine hawana bibi?"

Nilijaza fomu palepale, nimevaa koti la mzee. Ina ukurasa mmoja. Sehemu ya maelezo niliandika kwamba tusi la mtani msibani ni mlango wa machozi, kwamba nilijua hivyo, na kwamba niliona haya. Niliweka dole kwa mara ya mwisho. Kioo kikaandika *Muhuri umefutwa*, kisha kikaniuliza kama nimeridhika na huduma.

Jumatatu Kalekwa alipanda treni. Hakulia. Alimwambia bibi yake, "Usile mbegu za karanga zote, mlafi wewe." Mlango ukafungwa.

*

Walichukua siku themanini na nane kati ya tisini. Idara haijawahi kukosa kutumia muda wake. Rwegoshora alipandishwa cheo kwa kusimamia upitiaji huo, na kwenye sherehe alisema daima alikuwa na wasiwasi na 7206. Shilinde alipiga makofi. Mimi nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa kusoma, kwenye baraza la Bi Nyanzala, kwa sababu hakuna ofisi iliyonitaka.

Treni ya kwanza ilirudisha watoto sitini. Walishuka kwa mstari mnyoofu, wamechana nywele, wakawasalimia wazazi wao kwa majina kamili. Akina mama walikuwa wanalia na watoto wanawapa leso.

Kalekwa alikuwa wa mwisho. Miezi mitatu tu, nilikuwa nikijiambia kila siku. Miezi mitatu si miaka mitatu. Masikio yake yalikuwa matupu. Kipuli kilikuwa kimeondolewa asubuhi ile.

Bi Nyanzala aliweka mikono kiunoni. "Mke mwenza! Umerudi kufanya nini? Nimeshazoea kulala peke yangu kitandani."

Mtoto alisimama. Alitabasamu vizuri. "Asante kwa kunieleza hisia zako, bibi."

Yalikuwa maneno yangu, yaleyale, ya barazani. Nilimtazama bibi. Uso wake haukutikisika hata kidogo.

"Tazama alivyokonda. Hata kunguru hawezi kushiba."

"Naelewa kwamba una wasiwasi na afya yangu."

"Nimeuza kitanda chako."

"Asante kwa taarifa."

Bibi akanigeukia, na mdomo wake sasa ulikuwa unatetemeka. "Mgogo," alisema kwa sauti ya chini. "Fanya kazi."

Nilikuwa nimelileta koti kwenye mkoba, sijui kwa nini, labda nilijua. Nilivaa pale jukwaani, mbele ya akina mama na leso zao, na nikaanza kutembea kwa goti bovu. Nilikuwa bado sijajifunza vizuri. Nilikwenda mpaka kwenye nguzo, nikarudi, nikasimama mbele yake nikakohoa kama nilivyoelezwa alivyokohoa mzee, ambaye sikuwahi kumwona.

Kalekwa alinitazama kwa adabu. Kisha adabu ikaanza kumtoka usoni polepole, kuanzia kwenye paji. Alinyoosha kidole.

"Goti ni la kulia," alisema. "Huna akili. Alikuwa anachechemea la kulia."

Bi Nyanzala alikaa chini, pale pale kwenye saruji ya stesheni, akaanza kulia kwa sauti.

"Rudia," Kalekwa aliniamuru.